Skonsi kababu ya Ngamiani ilirudi kwenye menyu, walioililia wakaikataa

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mgahawa mmoja wa chipsi hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba za Ngamiani, jina silitaji mana mwenyewe hajaniomba kumtangaza. Miaka ya nyuma walikuwa wanauza kitu watu wanakiita skonsi kababu. Skonsi ndogo ya mviringo inapasuliwa katikati, inaingia kababu moja ya ng'ombe imetoka kwenye karai muda huo huo, kabichi iliyokatwa nyembamba, kitunguu, halafu inamwagiwa sosi ya ukwaju yenye pilipili. Basi, hakuna jibini hakuna mayonezi. Kilikuwa chakula cha wanafunzi wakitoka shule, cha watu wanaotoka uwanja wa Mkwakwani timu yetu ya Coastal ikishacheza, cha mama aliyechelewa kupika. Halafu ikaondolewa kwenye menyu. Miaka ikapita watu wakaililia kweli kweli, mwenye mgahawa akairudisha, wiki ya kwanza foleni mpaka barabarani, mwezi haujaisha kababu zinalala kwenye sinia. Na wale wale walioililia ndo waliokuwa wa kwanza kusema hii siyo.

Mimi naingia kwenye hii habari kwa sababu huyu mama mwenye mgahawa namwekea hesabu zake, yeye ana daftari mimi nina simu, mwisho wa mwezi tunakaa tunalinganisha. Akaniambia, mwanangu, hawa watu wamenisumbua nirudishe kababu, nimerudisha, mbona hawaji? Swali lake nililichukulia kwa uzito mana pesa yake iliingia pale, alinunua mashine ya kusagia nyama, akaajiri binti wa kuviringa kababu, akachapisha bango. Na ile skonsi kababu nimekua nayo, naipenda, na nilipoila hii mpya nikaona kabisa kuna kitu hakipo ila mtu akiniuliza ni nini sina jibu. Kwa hiyo tukaanza kufuatilia mimi na yeye, taratibu, bila kukimbilia kulaumu mtu.

Kwanza tulitaka kujua iliondokaje. Wengi wanadhani kitu kinatoka kwenye menyu kwa sababu mwenye duka kaamka siku moja kakichoka. Ukilisoma daftari la huyu mama unaona haikuwa hivyo hata kidogo, ilikuwa inakufa kidogo kidogo. Cha kwanza kwenda ni mkate. Zile skonsi zilikuwa zinatoka kwenye tanuri la kuni la mzee mmoja wa Makorora, mzee akachoka, watoto wake wana shughuli zao, tanuri likafungwa. Mama akahamia mikate ya baga ya kiwandani, mikubwa, ina sukari, na bei yake iko juu. Cha pili mfuko. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki nchi nzima, zile rambo zikaisha, na kwa upande wangu ilikuwa sawa kabisa, mtu yeyote aliyekuwa anaenda kuogelea Raskazone anajua ile mifuko ilikuwa inaishia wapi. Ila muuza chakula ilibidi atafute vifungashio vingine, bahasha za kaki, boksi, foili, na vyote hivyo vinakula faida. Hili la mfuko liweke pembeni, nitalirudia, mana ndo kiini cha kisa chote.

Cha tatu mafuta. 2021 kuingia 2022 mafuta ya kula yalipanda bei mpaka mtu anakaanga maandazi anahesabu vijiko. Sisi mafuta mengi tunaagiza nje, hasa mawese ya Asia, sasa vita ya Ukraine ikaanza Februari 2022 alizeti ya kule ikakwama, kabla hatujapumua Indonesia, ambayo ndo inazalisha mawese mengi kuliko nchi yoyote duniani, ikafunga kuuza nje kuanzia tarehe 28 Aprili mpaka 23 Mei. Kwenye kibanda cha Ngamiani hii habari inafika ikiwa imegeuka bei ya ndoo. Mama akakaa na daftari lake akaangalia nini kinamla. Chipsi hata mafuta yakipanda unapandisha kidogo watu wananung'unika wanakula, viazi vya Lushoto vinakuja kwa gunia, kijana anamenya anakata anatumbukiza. Kababu inataka mafuta na inataka mtu. Mtu wa kusaga, wa kuchanganya viungo, wa kuviringa moja moja, na zisipoisha usiku huo huo ni hasara mana kesho yake huwezi kumuuzia mtu. Akaifuta. Hakutangaza, alipaka rangi tu juu ya jina kwenye ubao.

Na kuna jambo tuliliona kwenye daftari ambalo walalamikaji hawapendi kulisikia: mwaka wa mwisho kabla haijafutwa, kababu zilikuwa zinauzwa chache sana. Waliokuja kuililia walishaacha kuinunua. Sisemi kwa kuwashutumu, wengi walikuwa wameshahama, wako Dar, wako Arusha, wengine wako nje, waliobaki Tanga wana watoto na watoto wanataka chipsi kuku. Lakini kibiashara maana yake ni kwamba kelele ya kuililia ilitoka kwa watu ambao hawapo dirishani siku ya Jumanne saa kumi jioni. Kelele yenyewe ilikuwa kwenye grupu la WhatsApp la watu waliosoma pamoja hapa mjini, mmoja akatupia picha ya ule ubao wa zamani, basi siku tatu grupu zima ni kababu, nani alikuwa anakula mbili, nani alikuwa anakopa, nani sosi ilimchafulia shati la shule.

Hili si la Tanga peke yake. Marekani kuna mgahawa wa Taco Bell, walikuwa na kitu kinaitwa Mexican Pizza, si piza ya kawaida, ni mikate miwili mikavu ya kukaanga katikati maharage na nyama, juu sosi na jibini. Wakaitoa Novemba 2020. Moja ya sababu walizosema ni kifungashio, kwamba boksi lake peke yake lilikuwa linakula zaidi ya pauni milioni 7 za karatasi ngumu kwa mwaka kwa Marekani tu, yaani zaidi ya tani 3,000. Watu wakasaini ombi la kuirudisha, saini zikapita 170,000, na waliokuwa mbele kabisa ni Wamarekani wenye asili ya Asia Kusini, mana wengi wao hawali nyama na ile ukiagiza ya maharage bila nyama ilikuwa mlo kamili kwao, ndo kitu wazazi wao walikuwa wanaweza kuwapeleka watoto wakala kama watoto wengine. Ikarudi Mei 2022, ikanunuliwa mpaka ikaisha, ikabidi waitoe tena wajipange, ikarudi moja kwa moja Septemba. Kwa hiyo kitu kikifutwa kinaweza kurudi na kikauzika. Swali letu likawa kwa nini ya kwao ilirudi ikapokelewa na ya kwetu ilirudi ikakataliwa.

Jibu la haraka ambalo kila mtu alitupa ni kwamba ni utoto tu, mnatamani utoto, mngepewa hata ile ile ya zamani mngesema siyo. Mimi hili jibu silipendi na naomba nieleze kwa nini. Ni kweli harufu ya chakula ina nguvu ya ajabu, harufu inaenda kwenye ubongo kwa njia yake, haianzi kwanza kupitia kile kituo kinachoitwa thalamasi ambacho macho na masikio yanapitia, inakwenda karibu moja kwa moja kwenye sehemu za hisia na kumbukumbu, ndo maana ukisikia harufu ya ukwaju unachemka unaweza kumuona bibi yako kabisa. Lakini hiyo inaonyesha watu wanakumbuka vizuri, haionyeshi kwamba wanajidanganya. Mtu aliyekula kitu mamia ya mara akiwa mtoto akikwambia hiki sicho, kwanza mwamini halafu tafuta. Ukimwambia ni utoto tu umefunga mlango na umemkosea adabu.

Jibu la pili likawa mpishi. Mpishi wa zamani alishastaafu, yuko kwake Duga, tukamfuata. Shikamoo babu, marahaba, karibuni kiti, mama akamfungulia chombo akampa kababu ya sasa. Akaipasua kwa kidole, akainusa, hakuila kwanza. Akasema hii nyama haina mafuta. Akaeleza kwamba yeye alikuwa anaagiza buchani nyama ya mbavuni na kifuani pamoja na mafuta yake, mwenye bucha alikuwa anajua, sasa hivi mama ananunua steki akiamini anawapa watu kitu kizuri zaidi. Steki ukiisaga ukaikaanga inakauka, ukiibana haitoi maji. Halafu akasema la pili, zamani karai lilikuwa la mafuta mgando, yale ya kopo, na ndani ya karai hilo hilo zinapita bajia asubuhi, katlesi mchana, kababu jioni, mafuta yakabeba ladha ya dengu na bizari. Sasa hivi kuna fraya ya gesi, mafuta ya maji, na fraya ya kababu ni ya kababu tu.

Hapo nikakumbuka stori ya chipsi za McDonald's, mgahawa ambao Tanzania hatuna hata tawi moja ila chipsi zake zinajulikana kote. Zamani walikuwa wanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe, mchanganyiko wao ulikuwa kama asilimia 93 mafuta ya ng'ombe na asilimia 7 mafuta ya mimea. Alikuwepo mfanyabiashara wa Omaha anaitwa Phil Sokolof, alipata shambulio la moyo mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 43, baadaye akatumia hela zake mwenyewe kununua kurasa nzima za magazeti kuyashambulia makampuni ya chakula kwa ajili ya mafuta hayo. 1990 McDonald's wakabadilisha wakahamia mafuta ya mimea. Mpaka leo kuna Wamarekani watu wazima wanakwambia chipsi zilikufa mwaka ule. Na kampuni yenyewe ilijua harufu ndo iliyoondoka, mana walibaki wanatia kionjo chenye asili ya ng'ombe kwenye viazi, jambo ambalo Wahindu na watu wasiokula nyama walipolijua wakaenda mahakamani, na 2002 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 10. Hapa Tanga ambapo tuna jirani zetu Wahindu hiyo stori inaeleweka vizuri sana bila maelezo. Kingine ni kwamba yale mafuta ya mimea waliyohamia yalikuwa ya kugandishwa kiwandani, yana mafuta ya transi, ambayo baadaye yakaonekana ni mabaya zaidi kwa moyo, ikabidi wahame tena, na 2018 Shirika la Afya Duniani likataka dunia nzima iyaondoe kwenye chakula ifikapo 2023.

Kwa hiyo kurudi kwenye mafuta mgando ya kopo mimi nilikataa na mama pia alikataa, wateja wake nusu wana presha na anawajua kwa majina. Lakini lile la nyama tukalichukua. Akarudi kwa mwenye bucha akaagiza nyama yenye mafuta yake, na mafuta ya kukaangia akaanza kupitisha bajia kwanza kabla ya kababu. Ikawa tamu zaidi, hilo halina ubishi, hata binti anayeviringa aliona. Wateja wa zamani wakaja wakala wakasema imekaribia. Ila bado siyo.

Hapa ndo nikaanza kuwauliza watu swali tofauti. Badala ya kuuliza ilikuwa na ladha gani, nikawa nauliza ulikuwa unaila wapi. Dada mmoja anayefanya kazi bandarini akanijibu, mimi pale sijawahi kula hata siku moja, kaka, mama alikuwa ananituma nachukua nne naenda nazo nyumbani Chumbageni. Nikauliza mwingine, akasema alikuwa anakula akifika uwanjani. Mwingine alikuwa anaificha kwenye begi mpaka afike mbali na shule mana mwalimu akimkuta ni bakora. Karibu kila niliyemuuliza, isipokuwa wachache waliokuwa wanakaa pale pale dirishani, alikuwa anaondoka nayo. Na ikiondoka ilikuwa inaondokaje? Inazungushiwa kipande cha karatasi, inatumbukizwa kwenye rambo, rambo inafungwa fundo.

Sasa fikiria kinachotokea humo ndani. Kababu ya moto, kabichi mbichi yenye maji, sosi ya ukwaju, skonsi kavu kidogo ya tanuri la kuni, vyote vimefungiwa kwenye plastiki kwa muda wa mtu kutembea kutoka Ngamiani mpaka Chumbageni. Mvuke hauna pa kutokea. Mkate unanyonya mvuke na sosi unalainika mpaka ndani, kabichi inaiva nusu, pilipili inapanda, mafuta ya kababu yanashuka kwenye mkate. Unapofungua ile rambo nyumbani, ile harufu inayokupiga usoni ndo skonsi kababu yenyewe. Mpishi alikuwa anaanza kuipika na njia ndo ilikuwa inaimalizia. Hakuna aliyeandika hilo kwenye risipi kwa sababu hakuna aliyejua ni sehemu ya risipi, mpishi mwenyewe hakuwahi kuiona ikiwa imefika, yeye aliiona ikiondoka tu.

Na mama alipoirudisha alifanya nini? Akiwa na nia njema kabisa, aliipandisha hadhi. Ikaletwa mezani kwenye sahani, mkate umepigwa moto kwenye kikaango ukawa mkavu kwa nje, kabichi ya baridi kutoka kwenye friji, sosi pembeni kwenye kibakuli mtu ajimwagie mwenyewe. Wa kuondoka nayo anapewa kwenye bahasha ya kaki ambayo inapumua, mvuke wote unatoka. Kila alichokifanya kingekuwa sahihi kama anauza baga. Watu walipewa vitu vyote vya ile skonsi kababu vimekaa pamoja ila havijawahi kukutana.

Sikutaka tuamini tu kwa sababu maelezo yanapendeza, tukajaribu. Mfuko wa plastiki hatuurudishi, ni marufuku na kuweka chakula cha moto kwenye ile mifuko sikutakii hata adui. Tukachukua hotpoti. Skonsi kababu zinatengenezwa, sosi inamwagwa ndani palepale, zinazungushiwa karatasi ya kaki kila moja, zinapangwa kwenye hotpoti kifuniko kinafungwa, zinakaa kama muda ule wa kutembea. Nyingine zikawa za mtindo wa sahani, ila nazo tukazifunga kwenye karatasi ile ile ili mtu asitofautishe kwa macho. Tukawapa watu wa zamani waliokuwa mjini kipindi cha Idd, na vijana wa bodaboda wa pale nje ambao hawajawahi kuila, bila kuwaambia ipi ni ipi.

Hapo kwenye kuwajaribu watu nilikuwa na kesi moja kichwani, ya Coca-Cola. 1985 walitengeneza ladha mpya, walishaionjesha kwa watu karibu 200,000 na wengi wakasema mpya ni tamu zaidi, wakaitoa sokoni tarehe 23 Aprili, watu wakakasirika nchi nzima, siku 79 baadaye ya zamani ikarudi kwa jina la Coca-Cola Classic. Katika makosa ya ule upimaji mawili yananihusu hapa. Walionja kwa mafunda, na funda moja la kitu chenye utamu wa sukari zaidi mara nyingi linashinda, wakati chupa nzima ni habari nyingine. Na hawakuwauliza watu kwamba hii mpya ikija ile mliyonayo inaondoka. Kwa hiyo sisi hatukumkatia mtu kipande aonje, tulimpa nzima, na tukamwambia aondoke nayo akale anapokulaga, jioni atupigie.

Majibu yalikuja kwa simu na mengine watu walirudi wenyewe. Watu wa zamani waliopata ya hotpoti, wengi wao hawakusema ni tamu au si tamu, walisema hii ndo yenyewe. Yule dada wa bandarini alimpigia mama, sio mimi, akamwambia mama umeipata wapi tena hii. Waliopata ya mtindo wa sahani wakasema kama walivyosema mwanzo, nzuri ila siyo. Na vijana wa bodaboda, hili naliandika kama lilivyo, wengi walipenda ile ya sahani. Ya hotpoti waliona mkate umelowa sana, mmoja akauliza kama imelala. Wao skonsi kababu hawana kumbukumbu nayo, wamekulia kwenye chipsi na baga, mkate ukilowa kwao ni mkate ulioharibika. Kwa maoni yangu hakuna aliyekosea hapo, ni vyakula viwili vyenye jina moja.

Kuhusu mkate ndo tulipohangaika zaidi na bado hatujamaliza. Mkate wa baga una sukari na ukilowa unakuwa uji, hauhimili hotpoti, ile skonsi ya tanuri ilikuwa na ngozi ngumu kidogo inayoweza kunywa sosi bila kuvunjika. Tumempata mama mmoja anaoka kwa mkaa, sufuria inakaa jikoni na makaa mengine yanapaliwa juu ya mfuniko, skonsi zake zina ile ngozi. Shida anaoka chache kwa siku na mkaa nao bei yake ndo hiyo inayojulikana, kwa hiyo skonsi yake moja inakaribia bei ya mkate wa baga ingawa ni nusu yake kwa ukubwa.

Basi tukakaa na daftari tena. Ukipiga hesabu kwa kila siku haitoki, na mimi nilimwambia mama wazi kwamba akiiweka kwenye menyu ya kila siku mwakani ataifuta tena kwa sababu zile zile. Wanaoitaka wako mbali, wanakuja Idd, wanakuja Desemba, wanakuja kwenye misiba na harusi, na waliopo mjini wanaikumbuka zaidi siku ya mechi. Kuna kitu McDonald's wanafanya na ile sandwichi yao ya McRib, ni ya nguruwe kwa hiyo kwa wengi wetu hapa haituhusu kuila, ila biashara yake inafundisha: ilianza 1981, ikaondolewa 1985, baadaye ikarudi, wakaifanyia ziara ya kuaga 2005, 2006 na 2007, tangu hapo imekuwa inakuja na kuondoka, na kila ikirudi watu wanaifuata. Wanajua kabisa wanaoipenda hawatoshi kuilisha mwaka mzima ila wanatosha kwa wiki chache. Sisi hatuna haja ya kuaga uongo, ila lile la msimu ni la kweli. Mama akakubali: Ramadhani kuanzia alasiri, wiki za Idd, Desemba yote, na siku Coastal wako nyumbani. Nje ya hapo ni kwa oda, mtu apige siku moja kabla na isipungue kumi, ili yule mama wa skonsi aoke anachojua kitaondoka. Ile ya sahani imebaki kwenye menyu ya kila siku kwa ajili ya vijana, kwa mkate wa baga, na nilimshauri aiite baga ya kababu ili mtu wa zamani asiiagize akitegemea ile nyingine. Hili la jina alilipinga mwanzoni, alisema watu watamcheka, lakini tangu abadilishe bango malalamiko yameisha karibu yote.

Malalamiko yaliyobaki ni ya mpishi wetu wa Duga. Tulimpelekea ya hotpoti, akala yote, akasema nyama sawa, mkate sawa, sasa ukwaju wenu mnauchemsha na sukari, nani kawafundisha? Yeye alikuwa anatia tende. Mama amemwomba aje jikoni siku moja kabla Ramadhani haijaanza aioneshe hiyo sosi kwa mikono yake, amekubali, sharti lake ni afuatwe na bajaji na arudishwe kabla ya magharibi.